Hii "mengineyo" kwenye karatasi ya ada ni kitu gani hasa?

Wakuu, salamu. Nimetoka kulipa ada ya mwanangu wa darasa la tatu sasa hivi na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo mnivumilie.

Karatasi ya muhula huu ina mistari sita. Ada, chakula, basi, mitihani, rimu mbili. Halafu pale chini kabisa kwa herufi kubwa: MENGINEYO, 45,000. Nikamuuliza mhasibu pale dirishani, kaka, hii elfu arobaini na tano ya nini? Akajibu huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta, "Ni vitu mchanganyiko mama." Nikamwambia nitajie kimoja tu. "Mazagazaga ya shule mama, vitu vidogovidogo, mbona wazazi wenzako wamelipa?" Akaizungushia jumla kalamu nyekundu, akanirudishia karatasi. Nyuma foleni inaguna. Nikalipa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nililipa.

Mimi nina genge Mabibo, si mbali na soko la Mahakama ya Ndizi. Kuuza vitu vilivyochanganywa ndiyo kazi yangu. Nafunga viungo vya pilau kwenye vifuko vya mia tano, na mteja wa Dar hanunui kwa macho yaliyofumbwa. Anakigeuza kifuko kwenye mwanga, anahesabu: bizari nyembamba ipo, mdalasini upo, karafuu, pilipili manga. Iliki iko wapi? Kama haipo anakirudisha palepale na mimi sina la kusema, kwa sababu viungo vya pilau vina vitu vyake vinavyojulikana. Siku nikimjibu "humo mna mengineyo" nitafunga genge.

Na msiniambie lugha ndiyo ilivyo. Kiswahili kina maneno mengi ya vitu vilivyochanganywa, na karibu kila neno ukilitaja mtu anajua ndani mna nini. Makande, mahindi na maharage. Mseto, mchele na choroko. Fundi akisema zege ni saruji, mchanga na kokoto, na ukimbana anakutajia vipimo, moja kwa mbili kwa nne. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Tanga, jioni anakaa barazani anafunga kikuba: asumini, rehani, waridi, kipande cha mkadi. Ukipita karibu yake unajua kipi kipo na kipi leo hakikupatikana. Kidonge cha dawa ya mseto ya malaria kina artemeta miligramu 20 na lumefantrini 120, imeandikwa kwenye pakiti, mgonjwa anasoma. Hata Kenya mwaka 2008 walipounda serikali ya mseto tuliambiwa nani yuko wapi, Kibaki rais, Raila waziri mkuu. Watu waliotoka kwenye machafuko makubwa vile waliweza kutaja nani yumo, shule ishindwe kutaja vitu vya elfu arobaini na tano?

Halafu lenyewe neno wanalitumia vibaya. "-ngineyo" inakuja baada ya kutaja vitu vya aina moja: mchicha, matembele na mboga nyinginezo. Msikilizaji anaelewa ni mboga, si sabuni. Kama ni gharama andikeni gharama nyinginezo, kama ni vifaa andikeni vifaa vinginevyo, angalau nijue nalipia kitu cha kushika au huduma. "Mengineyo" ni mambo. Ni ile ajenda ya mwisho ya kikao ambapo mwenyekiti anauliza nani ana jambo, na mjumbe anasimama analitaja. Mimi nimesimama dirishani nimeuliza jambo gani, nikaambiwa wazazi wenzangu wamelipa.

Na si shule tu. Mwenye nyumba wangu ana "mengineyo" baada ya maji, taka na ulinzi. Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilikuwa na "mengineyo" kubwa kuliko mapambo, na aliyeuliza akaonekana ana roho mbaya. Tumezoeshwa kwamba kuuliza ni ubahili. Mimi mtu akinidai mia mbili ya chenji namhesabia, sijawahi kumwona mbahili.

Tena ningelipa kwa moyo mweupe kabisa wangeandika: chaki, dawa za huduma ya kwanza, sabuni ya kunawia, taa za darasani zilizoungua, zawadi ya mlinzi anayestaafu. Hata kama ni vikorokoro ishirini vya elfu mbili mia mbili hamsini kila kimoja, viandikwe vyote ishirini. Mwanangu darasani anafundishwa kuorodhesha, anakosolewa akiandika "na kadhalika" bila kutaja vitu vya kutosha. Jana tu kaletewa daftari lina alama nyekundu kwa kosa hilohilo.

Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, naipeleka Jumatatu asubuhi kabla sijafungua genge. Naomba mzazi yeyote ambaye shule yake inachambua huo mstari, kitu kimoja kimoja na bei yake, aweke hapa picha ya karatasi (afute jina la shule na la mtoto) niiambatanishe. Na waliolipa kimya kama mimi, mlilipa shilingi ngapi?