Tupeane uzoefu: Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Zanzibar

Wakuu, salaam. Disemba naenda Unguja kwa ndege, kisha navuka Pemba kwa wakwe. Mimi ni mtu wa boti. Mliopita uwanja wa Karume, mwagikeni. Vya kwenye matangazo nimeshasoma, nataka yaliyowakuta.

Mtoto wa Kisauni: Karibu. Sisi wa huku bado tunauita Kisauni, jina la Mzee Karume limekuja 2010. Jua kwanza kwamba majengo ni zaidi ya moja. Ndege za nje ziko Terminali 3, za ndani upande wa zamani. Shemeji yangu ana safari ya Dar, dereva kamshusha Terminali 3 kwa kuwa ndilo jengo linalong'aa. Alifika kwenye kaunta anatweta, sanduku kichwani. Usimwambie dereva "uwanjani" ukanyamaza. Ukitua, daladala 505 ipo, ila na sanduku kubwa utanuniwa.

Bi Mkubwa wa Chake: Mwanangu, ya Pemba niulize mie. Nyingi ni vindege vya propela moja, abiria kumi na kitu. Mzigo unapimwa, na mara nyengine nawe unapandishwa mizani mbele za watu, wallahi! Si dharau, rubani anapanga uzito. Kawaida ni kilo 15, tena chukua begi laini. Mie nilikalishwa ubavuni mwa rubani, safari nzima nimekumbatia mkoba nisije nikagusa kidude nikatuua. Lakini bahari utaiona mpaka miamba ya chini. Masika usikate tiketi ya ndege ya mwisho jioni ikiwa kesho yake una harusi.

Mzee wa Doriani: Msibebe doriani. Nililifunga magazeti, juu yake kanga ya mke wangu, nimpelekee dada Dar. Mkaguzi hata mashine hakuitazama, alinusa tu: "Mzee, hilo haliingii ndani ya ndege." Tukalipasua nje, nikala na madereva teksi. Dada hajanisamehe.

Mke wa Mgeni: Wenye wenza wa kigeni, tangu Oktoba 1, 2024 mgeni lazima awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Aliyokata kwao haimsaidii hapo. Mume wangu alilipia mtandaoni kabla, akapita. Waliokuwa nyuma yetu walianza kuhangaika na intaneti huku watoto wanalia.

Nahodha: Kwa Dar mie bado boti. Ndege ni dakika 20 hivi angani, sawa, lakini ongeza kuwahi, kukaguliwa, kusubiri mzigo, halafu foleni ya Barabara ya Nyerere. Boti inanishusha katikati ya mji. Pemba ndiko ndege inakolipa.

Bi Mkubwa wa Chake: Nahodha, maneno hayo yarudie mwezi wa saba, kusi linavuma na mfuko wa kutapikia mkononi.

Mwanzisha mada: Bi Mkubwa, na Disemba je?

Bi Mkubwa wa Chake: Disemba ni kaskazi, njoo tu. Na kwa wakwe usende mikono mitupu, kilo 15 zinatosha.