Bunduki moja ya marisau kwa kanga na kwa sahani za udongo

Swali: Ndugu wawindaji, kibali ninacho, na sasa natafuta bunduki moja itakayonifaa kwa kanga na kwale, na pia kwa kulenga sahani za udongo, zile shabaha zinazorushwa hewani. Je, mnapendelea mitutu miwili iliyopangwa juu na chini, au ile inayojipakia yenyewe?

Jibu la 1: Napendelea geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ya juu na chini, kwa sababu kila mtutu huweza kuwa na mbano wake, yaani kubanwa kwa mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike upesi: wa kwanza uliolegea kwa kwale anayeruka karibu, wa pili uliobana kwa kanga aliyekwisha kuwa mbali. Isitoshe, ukiikunja mitutu ikafunguka, kila aliye kando yako huona kwamba haina risasi, jambo ninalolithamini kuliko yote.

Jibu la 2: Kuhusu usalama nakubaliana nawe kabisa. Hata hivyo, kwa anayepiga sahani mchana kutwa, ile inayojipakia kwa nguvu ya gesi humpunguzia mshindo begani, ingawa yahitaji kusafishwa masizi mara kwa mara.

Jibu la 3: Ndugu, tazama kitako kabla ya chapa. Bunduki ikiwa tupu, iinue hadi shavuni macho yakiwa yamefumbwa. Ukiyafumbua, jicho liwe kwenye mstari wa mtutu bila kulazimisha shingo. Marisau namba 7½ yanatosha kwa sahani, lakini kanga ni ndege mgumu, hivyo mimi hutumia namba 5, ambayo ni punje kubwa zaidi.