Naomba ushauri: boksi la samaki la makumbi badala ya foamu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi natuma samaki kwa basi kutoka Pangani. Wengi wetu tunatumia yale maboksi meupe ya foamu. Ni mepesi, barafu inafika, bei haiumi. Tatizo likipasuka: zinamwagika punje nyeupe kama mchele, upepo unazipeleka kwenye mikoko, na hakuna wa kuziokota. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, maboksi haya bado yamejaa kila diko, pale mashua zinaposhusha samaki.

Huku makumbi ya nazi yamezagaa, mengi yanachomwa tu. Ufilipino wapo wanaotengeneza maboksi ya barafu kwa makumbi, kwa hiyo wazo si la kufikirika. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, unashika hewa ndani yake, ndiyo maana unazuia joto. Lakini ukilowa, kwisha habari, na maji ya barafu na damu ya samaki hayana adabu.

Najua usumba wa magodoro hupuliziwa utomvu wa mpira ili ushikane. Je, kuna aliyewahi kuukandamiza hivyo kwenye fremu ya mbao? Ubao huo wa usumba uwe na unene gani ili barafu ihimili safari ya usiku kucha? Na ndani niweke nini kisichopitisha maji, kinachosuguliwa kwa sabuni bila kubaki na shombo? Turubai nalifikiria, ila nalo ni plastiki. Angalau linatumika mara nyingi.

Mafundi magodoro na wauza samaki, nawasubiri. Bei za malighafi pia mnitajie.