Naomba ushauri: kuruka kamba na maumivu ya goti kwa wanafunzi wa bweni

Wadau, tunapanga ratiba ya mazoezi ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 17. WHO inapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Dakika si tatizo: mchakamchaka alfajiri 20, michezo jioni 40. Kinachosumbua ni kamba. Wanaorefuka haraka wanalalamikia kinundu chini ya goti, pale kano ya misuli ya paja inapovuta mfupa ambao bado unakua. Uwanja mgumu unazidisha. Kuwapumzisha kabisa naona hasara, maana umri huu ndio mifupa inajengeka. Je, mnapunguza kiasi gani, na mnawapa zoezi gani badala yake? Bwawa la kuogelea hatuna, baiskeli ni mbili tu.