Naomba ushauri: mdogo wangu anafuga buibui wenye sumu ndani ya nyumba

Habari za leo wakubwa. Niko Nyegezi, Mwanza. Mdogo wangu amerudi kutoka Lushoto na buibui wawili wakubwa wa rangi ya chungwa, wale wa milima ya Usambara, kawaweka kwenye ndoo za plastiki chumbani. Anasema hawaui mtu mzima, wakiuma ni maumivu makali tu. Sasa anataka kuagiza na buibui aitwaye mjane mweusi, ambaye sumu yake inashambulia neva! Nina mtoto wa miaka miwili, anagusa kila kitu. Usiku silali.

Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, buibui nao wanahitaji kibali cha TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania)? Aliyewahi kufuatilia anielekeze, tafadhali. Sitaki kumfukuza mdogo wangu.