Wauza spea wa "inaingia gari yoyote", mtatuua barabarani na waya zenu za trela

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Kama unauza spea hapa Kampala na una mazoea ya kumwambia mteja "bosi, hii inaingia gari yoyote", uzi huu ni wako. Jina la duka sitalitaja, nisije nikafungiwa uzi, lakini mwenyewe akisoma atajijua.

Nina Prado ya mwaka 1998, dizeli, injini 1KZ, na trela la ekseli moja lililochomelewa Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala. Kwa vijana wa Katwe sina neno. Chuma kimesimama, springi zinabeba, na taa waliziweka zinavyotakiwa: nyekundu za usiku na za breki, indiketa za rangi ya chungwa peke yake, plagi ya duara ya pini saba. Kazi yangu ni kukodisha tenti na viti vya sherehe, na wateja wangu wengine wako Gulu mpaka Arua, kwa hiyo barabara yangu ni ile ya Bombo, Luwero, Karuma. Anayeijua usiku anajua. Basi likiwa nyuma yako halina muda wa kukuchunguza. Linaona taa, linaamua.

Gari halikuwa na soketi ya trela. Nikaingia dukani, nikamweleza muuzaji mbele ya vijana wake: gari ni la Japani, indiketa zake ziko mbali na breki, trela lina pini saba, na picha ya plagi hii hapa kwenye simu. Akaitazama, akaitikia kwa kichwa, akaleta boksi. Laki moja na themanini. Ndani kuna kisanduku cheusi cha plastiki, waya tano za kuingia, waya nne za kutoka, na vibanio vya bluu vya kung'ata waya. Karatasi ya maelekezo hakuna. Nikauliza. "Bosi, fundi yeyote anaijua hii. Inaingia gari yoyote, hata tinga." Fundi mwenyewe alikuwa amekaa pale pale nje ya duka kwenye ndoo, na elfu themanini yake akaichukua kabla hajagusa bisibisi.

Sasa sikilizeni waliniuzia nini. Kile kisanduku ni cha trela za Marekani. Kule trela nyingi ndogo zina balbu moja kila upande inayofanya kazi mbili, breki na indiketa, kwa hiyo waya nne zinatosha: nyeupe ya athi (inayorudisha umeme kwenye chuma cha gari), kahawia ya taa za usiku, njano ya kushoto, kijani ya kulia. Kazi ya kisanduku ni kuchukua moto wa breki na moto wa indiketa za gari, ambazo kwetu ziko mbalimbali, na kuvichanganya viwe kitu kimoja. Kwa trela la namna hiyo ni kifaa halali kabisa. Trela langu halikuhitaji kuchanganyiwa chochote! Lilihitaji kila taa ipelekewe moto wake, basi.

Na mtego uko kwenye rangi. Plagi yetu ya pini saba nayo ina njano ya indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyeupe ya athi na kahawia ya taa ya usiku. Fundi akafunga njano kwa njano, kijani kwa kijani, nyeupe kwa nyeupe, kahawia kwa kahawia. Ukitazama unasema kazi safi. Lakini kwenye pini saba kahawia ni taa ya usiku ya upande wa kulia peke yake. Ya kushoto ina waya yake nyeusi. Breki ina nyekundu yake. Hizo mbili alizikuta hazina mwenzao, akazikunja, akazifunga tepu, akasema hizo ni za akiba. Waya ya breki ni ya akiba! Nilikuwa nimeenda kutafuta chai wakati huo, na jioni nikafunga trela nikaondoka.

Mdogo wangu alikuwa nyuma na gari la viti. Tulipopita Luwero giza limeingia, simu ikalia. "Kaka, mbona trela lako limekuwa boda boda?" Taa moja tu nyekundu, ya kulia, inatembea katikati ya barabara. Ndivyo alivyoliona yeye anayejua kwamba pale kuna trela. Asiyejua ataona pikipiki imekaa kulia, atapenya kushoto kwake, na kushoto kwake kuna chuma cha Katwe na tenti juu. Akaniambia na la pili: ukikanyaga breki, nyekundu haiwaki, zinawaka indiketa zote mbili, zimetulia, hazipepesi. Bila shaka! Kisanduku kinapeleka moto wa breki kwenye waya ya njano na ya kijani, ndivyo kilivyoumbwa, na kwenye trela langu waya hizo ziko kwenye indiketa. Nikipunguza mwendo, wa nyuma anadhani nimewasha taa za tahadhari. Mbele kidogo trafiki wakatusimamisha, nikaandikiwa karatasi ya EPS, ile faini ya papo hapo ya trafiki. Sikubishana. Trela lisilo na taa ya breki ungetetea nini?

Tukalala Kafu, asubuhi nikapiga simu dukani. Jibu: lirudishe gari kwa fundi. Nikarudi Kampala, na fundi akafanya maajabu. Akafungua tepu, akatoa ile waya nyekundu ya "akiba", akaisokota pamoja na njano na kijani. Zote tatu. "Sasa breki itawaka." Ikawaka kweli. Lakini ukiwasha indiketa ya kushoto, trela zima linapepesa, kushoto, kulia na breki, kama disko. Na hapo ndipo hesabu inapokuja, kwa sababu kisanduku chenyewe hakichukui moto betrini. Kinanyonya kwenye waya za taa za gari. Balbu ya indiketa ni wati 21, ya breki ni wati 21. Mzunguko wa indiketa ya kushoto wa gari umepangiwa balbu mbili kubwa na kale kadogo ka ubavuni. Yeye amebebesha nne zaidi: wati 84, ampea 7 juu ya zile za mwanzo. Kisanduku kikatoa harufu, kikatoa moshi, kikanyamaza. Fyuzi ikakatika, na indiketa za gari lenyewe zikafa nazo.

Nikarudi kwa muuzaji na kisanduku mkononi. Anasema fundi ndiye kaharibu. Fundi, hatua tano kutoka hapo, anasema kifaa ni feki. Nikawaambia basi semezaneni, mko mlango mmoja! Muuzaji akanyoosha kidole ukutani: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Ile karatasi ya ukutani ndiyo katiba yao. Lakini Uganda tuna sheria ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma, na inasema wazi kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa ifae kazi hiyo. Mimi nilieleza. Nilionyesha na picha. Nilipoitaja hiyo sheria akacheka, akasema, "Mzee, wewe ni loya au unabeba viti?"

Maswali aliyopaswa kuniuliza ni machache mno hata yanatia uchungu. Trela lina pini ngapi? Indiketa zake ziko na breki au mbali? Gari ni volti 12 au 24? Hilo la mwisho si mzaha, kuna Land Cruiser za zamani za dizeli zilizotoka Japani ambazo umeme wake ni wa volti 24, na mtu akizifungia kisanduku cha 12 kinakufa siku hiyo hiyo. Kuuliza hakuna gharama. Lakini anayeuliza anaweza kugundua kwamba hana kifaa chenyewe, na mteja akaondoka na pesa yake.

Na vile vibanio vya bluu, jamani. Kwa gari linalokaa lami tu sijui, labda. Gari linalopita murramu mpaka matairi yanaimba, linaloingia maji ya magoti kule Karamoja wakati wa mvua, kibanio kile kinang'ata waya ya kiwandani, kinakata nyuzi zake kadhaa, kinaacha kidonda wazi. Vumbi jekundu linaingia, maji yanafuata, shaba inageuka kijani. Baada ya msimu mmoja taa ya gari lenyewe inaanza kufifia, achana na ya trela. Niliposafisha uchafu wa yule bwana nilikuta pia waya amezipitisha juu ya bomba la ekzosi bila kuzivika chochote, na athi ameifunga kwenye boliti iliyopakwa rangi. Rangi haipitishi umeme! Athi mbovu ndiyo mama wa vituko vyote vya trela: unakanyaga breki, taa za usiku zinazimika, unawasha indiketa, upande wa pili unapepesa kwa mbali. Wengine hawafungi athi kabisa, wanategemea lile tufe la chuma la kuvutia trela lipeleke umeme. Ukiruka tuta, giza.

Kazi imekuja kutengenezwa na mzee mmoja ambaye maisha yake yote ni waya za malori. Hakuuza kitu. Alichukua tesita ya balbu, akapima kila waya nyuma ya taa za gari, akaandika kwenye kipande cha boksi, ndipo akaniambia ninunue nini. Waya moja nene ya milimita za mraba 2.5 kutoka betri mpaka nyuma, na fyuzi ya ampea 15 hapo hapo karibu na betri, si mwishoni. Nyuma akaweka rilei nne, yaani swichi zinazowashwa na umeme mdogo, kwenye boksi lisiloingiza maji: ya kushoto, ya kulia, ya breki, ya taa za usiku. Rilei ni zile za kawaida zenye namba: 30 inapokea moto wa betri, 87 inaupeleka kwenye trela, 86 inapokea ishara kutoka waya ya taa ya gari, 85 inakwenda athi. Hivyo waya za gari hazibebi balbu za trela, zinaamsha rilei tu, na indiketa inapepesa kwa mwendo wake wa zamani. Ile ya taa za usiku akaigawa mara mbili, kahawia na nyeusi, pande zote zikawaka. Viungo vya waya akavichomea kwa lehemu na kuvivika mpira wa kusinyaa kwa moto. Athi akakwangua chesisi mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi juu. Vitu vyote na ufundi havikufika bei ya lile boksi la kwanza pamoja na fundi wake wa ndoo.

Nyongeza: naona kuna anayesema nibadilishe taa za trela niweke za LED na tatizo limekwisha. Ndugu, LED inapunguza ampea, hilo kweli. Haibadilishi waya ya breki iliyofungwa kwenye indiketa. Ungeona upotovu ule ule, unang'aa zaidi.

Kwa aliyesema "si ungeweka tu stika za rifleta na pembetatu": rifleta ninazo, pembetatu ninazo, na hata matawi ya miti kama madereva wa malori naweza kukata. Pembetatu na matawi ni vya gari lililosimama, na rifleta haimwambii wa nyuma kwamba nimekanyaga breki. Mimi naongelea trela linalotembea na kufunga breki mbele ya basi.

Na wewe unayeniuliza kwa nini sikwenda polisi kwa ajili ya laki moja na themanini, nakwenda kwanza kwa muuzaji mara nyingine na barua, nakala ya risiti na picha za kisanduku kilichoungua. Barua imeshaandikwa. Akikataa kuipokea nitaweka hapa nakala, jina likiwa limefichwa.

Ninachohitaji kwa sasa: soketi ya pini saba ya chuma, si plastiki, yenye kifuniko cha springi kinachofunga vizuri, kwa sababu niliyonayo kifuniko kimelegea na wiki ijayo naelekea Koboko. Anayejua inapopatikana, iwe Kisekka au hata Busia, aandike bei. Maduka ya "inaingia popote" msinielekeze.