Naomba ushauri: jina Lee liingie mara ngapi kwenye kamusi ya majina?

Wadau, nimekwama kwenye mpangilio. Lee la Waingereza linatokana na leah ya Kiingereza cha kale, yaani eneo lililofyekwa msituni. Lee la Bruce Lee ni herufi ya Kichina 李, mti wa plamu. Kwa Kimandarini huandikwa Li. Wakorea hutumia herufi hiyohiyo, ila kwa Kilatini huiandika Lee au Yi, ndiyo maana mwanzilishi wa ufalme wa Joseon, mwaka 1392, huandikwa Yi Seong-gye. Kupanga kwa tahajia ya Kilatini kunachanganya koo: hata 黎, jina tofauti kabisa, nalo huandikwa Li. Naelekea kupanga kwa herufi asilia, kisha kuelekeza msomaji kutoka kila tahajia. Je, Lee ambaye herufi yake haijulikani nimweke wapi?